Nyumba Iliyoandikwa Mbuzi

Katika kitabu cha serikali, nyumba yangu ya kwanza ni banda la mbuzi. Vipimo vyake ni sahihi, futi kumi na mbili kwa kumi, kwa hiyo siwezi kusema hawakupima. Kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mmoja. Hata mlango waliuandika. Kilichokosekana ni mimi tu.

Nyumba hiyo ilikuwa katika boma la baba, bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Tawa. Niliijenga nilipotoka kwa mume wangu. Sitaeleza jinsi nilivyotoka. Inatosha kusema nilihesabu makofi ya mwaka mmoja, nikayahesabu tena, nikaona biashara hiyo haina faida. Kwetu binti aliyerudi nyumbani hulala jikoni kwa mama mpaka watu wamchoke. Mimi baba alinichukua siku ya tatu, akanipeleka karibu na mpaka wa shamba, akakanyaga ardhi kwa kisigino.

"Jenga hapa. Mlango uangalie kwangu."

Nilikuwa na kaka mmoja tu, mwenye mke na watoto watano, na shamba lote lilijulikana kuwa litakuwa lake. Lakini mlango ulikuwa wangu.

Nilikuwa nikiuza mbaazi na machungwa pale Tawa. Kila nilichonunua nilikihesabu mara mbili, mara ya kwanza mbele ya muuzaji na mara ya pili nikiwa nimempa mgongo, na mara nyingi hesabu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Kutokana na biashara hiyo nikaanza kununua mabati, moja moja, kila nilipopata. Fundi alisema nyumba yangu itamaliza kumi na manne. Nilikuwa nimefikisha kumi na moja. Niliyalaza chini ya kitanda, na kila jioni kabla ya kula niliinama nikayaangalia, kama yuko atakayeyaiba huku nimekaa juu yake.

Baba hakupenda tabia hiyo ya kuhesabu. Ukimuuliza mzee wa Kikamba ana ng'ombe wangapi, atakwambia wapo. Ukimuuliza watoto, nao wapo. Kuwataja kwa idadi ni kuyaonyesha mabaya njia ya kuingilia. Lakini kwa baba haikuwa mila peke yake. Aliwahi kulipa kodi ya nyumba enzi za Mzungu, na kodi hiyo ilitozwa kwa kila nyumba iliyoonekana. Siku karani anapita, mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba moja, ghala moja na banda moja, na wake wawili walisimama njiani kama wageni. Baadaye walikuja kuhesabu ng'ombe. Walisema ni wengi kuliko nyasi, na baada ya hesabu ng'ombe wakaswagwa, wakaenda zao. Baba alitoka katika mambo hayo na somo moja, kwamba ukiona mtu na kitabu, punguza.

Serikali iliyokuja kwetu mwishoni mwa miaka ya sabini ilikuwa yetu wenyewe, ila kitabu kilifanana na kile cha zamani.

Chifu aliita baraza, akasoma karatasi ya Kiingereza, kisha akaieleza. Bonde letu lilitakiwa kwa bwawa la maji ya mji. Tangazo lilikwisha kutoka katika gazeti rasmi la serikali, gazeti ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungia nyama. Watakuja kupima, watakaa kusikiliza kila mwenye dai, halafu watalipa bei ya soko, na juu yake asilimia kumi na tano ya usumbufu.

Mzee mmoja alisimama. "Chifu, hapa tunaombwa au tunaambiwa?"

"Mnaambiwa," chifu alisema, "lakini kwa heshima."

"Na tukikataa?"

"Mtaambiwa tena."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa bado nafikiria ile kumi na tano. Nilimuuliza jirani yangu, mzee wa kanisa aliyeketi mbele yangu, usumbufu wa mtu unapimwa kwa kilo au kwa debe. Akasema nimuulize Mungu. Nikasema Mungu hajaingizwa kwenye hiyo karatasi.

Siku ya pili jioni baba alituita. Mama alikuwa akichagua kunde, kaka ameegemea mlango.

"Keshokutwa wanakuja kuhesabu," baba alisema. "Nyumba ni mbili. Yangu, na ya huyu," akamwelekezea kaka kidevu.

"Na yangu?" niliuliza.

"Yako tutaweka mbuzi."

Kaka alisema, polepole, "Baba, chifu amesema safari hii wanalipa."

"Hata kwa ng'ombe walisema watalipa."

"Walilipa?"

"Walilipa kidogo. Halafu walijua nani ana wangapi. Mwaka uliofuata walikuja moja kwa moja mpaka zizini, bila kuuliza njia."

Ningeweza kubisha. Miaka hii yote nimejaribu kujishawishi kwamba nilinyamaza kwa heshima ya baba, na si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilimwelewa. Mimi mwenyewe, karani wa ushuru alipopita sokoni, gunia la kwanza lilikuwa mbele yangu na la pili nimelikalia, nimetandaza leso. Sijawahi kumwonyesha mnunuzi mali yangu yote. Nilijiona mjanja. Kilichonipita ni kwamba siku ile serikali haikuja kutoza, ilikuja kununua, na sisi tukaificha bidhaa.

Nyumba ya kaka haikuweza kufichwa, maana ilikuwa na watoto watano mlangoni. Yangu ilikuwa nyepesi. Asubuhi tulitoa kitanda tukakipeleka jikoni kwa mama, sufuria mbili, sanduku, kiti. Mabati tukayalaza nyuma ya boma na kuyafunika kwa mabua ya mahindi. Kisha nikaingiza mbuzi wanne kwa mkono wangu mwenyewe. Mmoja alikojoa kabla sijafunga mlango, kama aliyekuwa akingojea nafasi hiyo tangu nilipohamia.

Mthamini wa serikali alikuwa mtu mpole, kwao mbali, viatu vimejaa vumbi letu. Alifuatana na naibu wa chifu, ambaye alitujua sisi sote tangu tukiwa wadogo. Walihesabu miembe na michungwa, walipima nyumba ya baba, wakapima ya kaka. Matuta tuliyochimba kwa miaka, kila Jumatano na majirani, mpaka mikono ikaota sugu, yalivukwa kwa miguu bila kuandikwa. Mizinga ya nyuki iliyokuwa juu ya migunga baba alisema si yake. Halafu wakafika kwangu.

"Hii ni nini, mzee?"

"Mbuzi," baba alisema.

Mthamini aliinama, akachungulia. Mbuzi wakamtazama. Alinyanyuka akagusa kidirisha changu, kile nilichokitia fremu ya mbao niliyoinunua Tawa.

"Mbuzi wako na dirisha?"

Baba alinigeukia. Jibu nililitoa mimi.

"Mbuzi wa huku hawapendi joto."

Naibu wa chifu aligeuka akakohoa. Mthamini alitabasamu kidogo, akaandika. Baba aliweka kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, naibu wa chifu akatia sahihi kama shahidi. Walipoondoka, mama alisema nina mdomo. Nami nilikuwa nimefurahi. Nilifagia, nikarudisha kitanda changu, lakini harufu haikutoka.

Siku ya kusikiliza madai tulikaa katika darasa la shule ya msingi, wazee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Mthamini alisoma jina baada ya jina, vitu vya kila mtu na malipo yake. Yule jirani yetu mzee wa kanisa alitangulia. Alikuwa ameonyesha kila kitu. Nyumba tatu, jiko, ghala, banda la kuku, na shimo la choo alilokuwa amechimba mpaka kiunoni akaishia hapo.

"Choo, hakijakamilika," mthamini alisoma, na akataja pesa.

Choo ambacho hakijakamilika kililipwa. Nilimwangalia baba. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, ameitazama meza, na kila kitu cha jirani kilipotajwa kichwa chake kilishuka kidogo. Lilipofika jina letu, zilisomwa nyumba mbili, jiko, miti, ekari kumi na mbili, na banda la mbuzi, ambalo bei yake ilizidi choo kwa kiasi kidogo ambacho singeona haya kumpunguzia mteja wa machungwa.

Nilisimama. "Mkubwa, hilo banda si banda. Ni nyumba. Mimi ndiye nalala humo."

Darasa zima liligeuka. Mthamini alifungua kitabu, akakisoma, akaniangalia.

"Mama, hapa nimeandika mbuzi. Sasa unaniambia ni wewe?"

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine.

Sina ubaya na mtu yule. Watu walipotawanyika kula alikubali kuja nami kutazama tena, kwa miguu, jua la saa saba. Aliingia. Aliona kitanda, sanduku, kalenda ukutani, sufuria zimening'inia. Aliona pia alama za kwato kwenye sakafu, na alisikia harufu, maana hakuna asiyeisikia. Nilimwonyesha mabati. Akakaa kwenye kiti changu akavua kofia.

"Mama, mimi naamini. Lakini nikibadilisha hapa, lazima niandike sababu. Nitasema mzee aliweka kidole kwenye uongo. Naibu wa chifu akashuhudia uongo. Na mimi nikauandika baada ya kuona mbuzi kwa macho yangu. Kati ya sisi watatu, nianze kumshtaki nani?"

Nilihesabu. Watatu. Nilirudia, na kila nilipoanzia nilimkuta baba.

"Unaweza kukata rufaa," alisema. "Sheria inakuruhusu. Mahakama Kuu, Nairobi."

"Na wakili?"

"Na wakili."

"Wakili mmoja ni mabanda ya mbuzi mangapi?"

Nilijaribu bei nyingine, kama nifanyavyo sokoni mtu akikataa ya kwanza. Nilimwomba asibadilishe neno, aongeze tu: banda la mbuzi, na chumba. Kisha nikashuka: banda kubwa. Kisha nikashuka tena: banda la kudumu, lenye dirisha. Hilo la dirisha alilikubali. Aliandika. Dirisha langu lililipwa, na asilimia kumi na tano ya usumbufu wake.

Pesa zenyewe zilichelewa. Barua zilisema faili liko njiani, na njia ilikuwa ndefu. Zilipofika, mwanzoni mwa miaka ya themanini, zilikuta njaa, ile ambayo Wakamba tuliiita *nikw'a ngwete*, nakufa nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na noti mkononi na dukani hakuna unga. Baba alipata hundi yake, akafunguliwa akaunti Machakos, akatoa pesa, akarudi nazo zimefungwa kiunoni, na usiku ule tulikula majani ya kunde bila chumvi. Mahindi yalipopatikana yaliuzwa kwa bei ambayo hata mimi nilishindwa kuibishia. Watoto wa kaka walikuwa watano. Niliwahesabu kila jioni, kimyakimya, baba asisikie. Asubuhi moja tulimzika mdogo wao, na hesabu yangu nikaiacha.

Tulimzika bondeni, ingawa tulijua maji yanakuja. Hapakuwa na pengine.

Mvua iliporudi, notisi ya kuhama nayo ikarudi. Ardhi ya karibu na Tawa ilikuwa imepanda bei, maana bonde zima lilikuwa likitafuta mahali kwa wakati mmoja. Tukashuka mpaka upande wa Kibwezi, ambako watu walisema shamba ni rahisi. Baba alinichukua mimi badala ya kaka. Njiani aliniambia maneno machache tu.

"Tunataka mahali pa milango mitatu."

"Pesa zinatosha milango miwili, baba."

"Ndiyo maana nimekuchukua wewe."

Sijawahi kubishana na mtu kama nilivyobishana na muuzaji yule. Alikuwa mtu mkavu, meno machache, na shamba lake lilikuwa na mawe mengi kuliko udongo. Nilimwambia mawe hayo atulipe sisi kwa kuyaondoa. Alisema mawe ni ya bure, yeye anauza nafasi iliyo kati yake. Nilitembea mpaka barabarani mara mbili nikijifanya naondoka. Mara ya kwanza aliniita. Mara ya pili alimwita baba.

"Mzee, huyu binti umemlisha nini?"

"Majani ya kunde," baba alisema.

Alishuka, akashuka tena, na mwisho alipokataa kushuka nilijua amefika chini kabisa. Zilikuwa ekari tano. Ya sita ilibaki upande wa pili wa jiwe la mpaka, na pesa tulizopungukiwa kuinunua, nilipozipiga hesabu usiku na kuzirudia asubuhi, zilikuwa karibu sawa na malipo ya nyumba moja ya udongo yenye mlango, dirisha na mtu ndani.

Hatukupewa hati. Tulipewa karatasi ya makubaliano yenye mashahidi wanne, na tukashukuru.

Baba aliigawa ardhi kwa hatua. Nyumba yake na mama huku, ya kaka kule, shamba la kulima pale penye udongo. Kilichobaki kilikuwa kipembe chenye mteremko karibu na mkondo wa maji ya mvua. Alisimama hapo, akakanyaga kwa kisigino kama zamani. Kisigino kiligonga mwamba.

"Hapa pana..." akaanza.

"Hapa panafaa mbuzi, baba," nilisema. Sikulisema kwa ubaya. Lakini lilikwisha kutoka.

Mbuzi ndio waliokaa hapo. Mabati yangu kumi na moja, kitu pekee ambacho serikali haikukihesabu wala kukichukua, yaliezeka nyumba ya wazazi wangu, kwa sababu mvua haikungoja. Mimi nilipanga chumba Kibwezi mjini, nyuma ya duka la vipuri kando ya barabara ya Mombasa, nikauza vitunguu na nyanya za wakulima wa mtoni. Mwenye nyumba aliongeza kodi kila mwaka na mimi kila mwaka nikamshusha nusu. Jumapili nilikwenda kwa wazazi, nikakaa chini ya mabati yangu, jioni nikarudi. Baba alinisindikiza mpaka njiani. Hakuwahi kulizungumzia jambo lile, na kila Jumapili alinipa kitu cha kubeba, yai, boga, asali kidogo, kama mtu anayelipa polepole.

Katikati ya miaka ya tisini walikuja tena na kitabu. Mambo ya ardhi upande ule yalikuwa yamevurugika, watu wengine walikwisha kufukuzwa walikodhani ni kwao, na safari hii walisema wanaandika wanaokaa ili wapate hati. Mama alinitumia salamu nifike. Nilimkuta baba amekaa nje amevaa koti lake la kanisani. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba alitutambua kwa hatua.

Aliyekuja alikuwa msichana wa rika la binti za kaka, na ubao wa kuandikia kifuani.

"Shikamoo mzee. Nyumba ziko ngapi hapa?"

"Tatu," baba alisema.

Kaka alimgeukia. Msichana aliangalia, akaelekeza kalamu. "Naona hii, na ile pale. Ya tatu?"

Baba aliinua fimbo. Hakukosea upande. Aliielekeza chini ya mteremko, kwenye kipembe, ambako mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye vigingi.

"Ile. Ya binti yangu. Ina dirisha."

Msichana aliniangalia mimi, maana ndimi niliyekuwa nimesimama karibu na fimbo, na nilijua anangoja nimsaidie. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja, na nilikwisha kulitumia kule bondeni.

"Mzee," alisema kwa upole, "mimi naandika ninachokiona."

"Andika," baba alisema. "Ina mlango. Unaangalia kwangu."

Msichana aliandika kitu. Alimpa baba wino, baba akauliza kama ziko tatu, naye akasema, "Ndiyo, mzee," akamshika mkono kumwonyesha mahali pa kidole. Nilikuwa nyuma yao. Nilisoma ule mstari, kisha nikausoma tena.

Zilikuwa mbili. Nikamsaidia baba kufuta kidole.